Fundi Aliyeukataa Mkia

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nasema mapema ili tusipotezeane muda. Nilianza kwa kusukuma toroli la nyanya pale Ilula, kwetu Iringa, shule nikiwa nimeiacha darasa la tatu, na leo nina mashine tatu za kusaga na lori ambalo likipita Ilomba, hapa Mbeya, watoto hulitambua kwa honi. Nimeona chui ndani ya kanisa. Nimeona mganga akimkimbia mgonjwa. Kule Makongolosi nimemwona mtu akiuza shimo lisilo na dhahabu, na mnunuzi akarudi kumshukuru. Kwa hiyo mtu akija kwangu na kusema, "Mzee, kuna jambo la ajabu," mimi huendelea kunywa chai yangu.

Fundi ndiye aliyenifanya niweke kikombe chini.

Jina lake sitaliandika. Tulimwita Fundi. Mafundi Mbeya walikuwa wengi kama siafu, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walikuonyesha ua wenye nguzo nne ndefu za mti wa mlingoti, ambamo mzee mrefu, mkavu, mwenye kofia ya pama, alikuwa akigombana na chuma. Namaanisha kugombana kweli. Alitukana boliti iliyokataa kufunguka, akaisimulia ubaya wa mama yake, kisha ikilegea akaipangusa kwa kitambaa na kuiambia, "Ndaga," yaani asante kwa kwao Unyakyusa. Kwa binadamu hakuwa na adabu kiasi hicho.

Ukitaka kupita nyuma ya lori analotengeneza, hata kama limezimwa, hata kama limewekwa juu ya mawe halina magurudumu, alikushika mkono na kukuzungusha mbele. "Mbele, mbele! Nyuma hakuna rafiki." Nilimwona kwa macho yangu akimzuia padri asipite nyuma ya ng'ombe wa padri mwenyewe. Msibani alikaa mgongo umegusa ukuta. Wageni walicheka. Sisi tuliojua sababu hatukucheka.

Sababu ni mwanawe, na alikuwa naye mmoja tu. Kijana yule alikuwa kibarua wa watafiti wa madini, porini upande wa Makongolosi. Walikuwa na helikopta. Pangaboi kubwa la juu kila mtu huliogopa, maana linavuma kichwani mwake. Lile dogo la mkiani likishika kasi halionekani, unaona hewa tu. Kijana alibebeshwa sanduku la mawe akapita nyuma, akaingia ndani ya hewa ile na sanduku lake begani.

Fundi alikwenda kumchukua. Akamwuliza mkubwa wa wale watafiti: panga la nyuma ni la nini, wakati la kurusha liko juu? Akajibiwa kwamba bila lile la nyuma mashine yenyewe itazunguka kama pia ya watoto. Akauliza tena: hakuna namna nyingine? Mkubwa akasema, "Ndivyo zilivyo, mzee." Fundi akarudi Ilomba na maiti ya mwanawe na maneno hayo mawili.

Maiti aliizika. Maneno yalikataa kuzikika.

"Sikiliza, Mhehe," aliniambia mwaka mzima baadaye, tukiwa tumekaa juu ya gunia la pumba mashineni kwangu. "Kama mkia ni lazima, basi mwanangu kachukuliwa na Mungu, nami nitanyamaza. Kama si lazima, kuna mtu alikuwa mvivu wa kufikiri, na mwanangu kalipa uvivu wake. Nataka kujua ni lipi kabla sijafa."

"Ukishajua utafanya nini?"

"Nitalala."

Na kweli alikuwa halali. Macho yalikuwa mekundu kama ya mchoma mkaa.

Mimi nilikuwa sielewi kwa nini mashine izunguke. Nilimwambia hivyo, na kwa kuwa sipendi kuonekana sielewi, nilimwambia kwa sauti kubwa. Hakunieleza kwa maneno, alining'iniza. Alifunga kamba moja kwenye mti wa juu kati ya zile nguzo, akafungia ubao chini yake, akanikalisha. Akanipa gurudumu la toroli lililochomekwa kwenye fimbo, nilishike juu ya kichwa kama mwavuli.

"Lizungushe kulia."

Nikalisukuma kulia. Palepale mimi mwenyewe, na mwili huu ambao sikuupata kwa kula mchicha, nikaanza kwenda kushoto. Kadiri nilivyosukuma ndivyo nilivyozunguka, Ilomba yote ikanipita machoni.

"Nisimamishe!"

"Jisimamishe, tajiri. Si una hela?"

Wapita njia wakajaa kwenye ua wakishangilia. Ndipo akanishika mguu, nikatulia. "Huu mkono wangu ndio mkia," akasema. "Kazi yake ni hiyo tu, kukushika mguu. Sasa ngoja." Akachomeka gurudumu la pili kwenye fimbo ileile, chini ya lile la kwanza, akazungusha moja kulia na jingine kushoto, kisha akaniachia mguu.

Nikakaa. Nilining'inia kimya kama nyama buchani.

"Mkia uko wapi?" akauliza. Naye hakuwa akituuliza sisi.

Majivuno yake yalikuwa makubwa, na kwa majivuno mimi ni hakimu mzuri. Aliamini jambo lile hakuna aliyewahi kulifikiri duniani. Safari moja nikienda Ilula kufuata nyanya nilimpakia, tukapita Iringa mjini kwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, kijana mpole mwenye miwani, ambaye mtu fulani alikuwa amemsifu. Fundi alivaa koti. Njia nzima alifanya mazoezi ya namna atakavyopokea pongezi.

"Mwalimu, nimegundua jambo."

Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akasema taratibu, "Baba, zipo," akashusha kitabu kikubwa cha picha.

Zilikuwapo kweli. Warusi walikuwa na moja yenye mapangaboi mawili juu ya mti mmoja, moja linakwenda huku na jingine kule, mkiani hakuna panga. Nyingine ilikuwa na pangaboi mbele na jingine nyuma. Nyingine pangaboi lake lilikuwa likitoa moto kwenye ncha, hivyo linajisukuma lenyewe, na mwili wa mashine hausukumwi na kitu. Kila mwalimu alipofunua ukurasa Fundi aliinama zaidi, mpaka ukingo wa kofia yake ukagusa karatasi.

"Na hii," mwalimu akasema, "panga la nyuma lipo, ila limetiwa ndani ya tundu. Lina ukingo pande zote, kama feni."

"Ukingo wa nini?"

"Lisimguse mtu, baba."

"Ukingo tu?"

"Ukingo tu. Ni kazi ndogo."

Mwalimu hakuwa na habari za kijana wa Makongolosi. Alikuwa anafundisha, basi. Fundi akamshukuru, akasahau kumpa mkono, akatoka. Tulipofika Ilula wanawake walinizunguka na mabeseni yao wakiita, "Kaka, nyanya hizi hapa, kaka, usiwasahau wa kwenu!" Niliporudi nilimkuta Fundi ameketi ndani ya lori, mikono juu ya magoti, analia bila sauti.

"Kwa hiyo walijua," akasema.

Nikamwambia, Fundi, jibu umelipata, sasa ulale. Akanigeukia kwa hasira.

"Picha si jibu! Nikienda na picha kwa yule mkubwa atasema hizo ni za Warusi, huku kwetu ndivyo zilivyo. Nataka akae pale aone mzee mwenye mafuta mikononi, na vyuma vya jalalani, ananing'inia ndani ya mashine isiyo na mkia na hazunguki. Halafu arudie kuniambia maneno yale."

"Irukeje, kwa injini ya kusagia mahindi?"

"Nani kasema iruke? Nataka isizunguke."

Basi akaijenga. Watu walimwita kichaa, nami niliwatetea watu kwa sababu walikuwa sahihi, kisha nikampa injini. Mashine yangu moja ilikuwa imelala kwa kukosa dizeli, siku zile dizeli ilikuwa ya kubahatisha. Chesesi ilikuwa ya lori lililokufa. Mapangaboi mawili aliyachonga kwa mninga, moja mbele na jingine nyuma, injini katikati na kiti chake mbele ya injini. Ng'ombe wake, ambao Mnyakyusa akitenganishwa nao huhesabika kama yatima, aliwauza mmoja mmoja mpaka zizi likaota magugu.

Ugumu ulikuwa mikanda. Mkanda ukiupitisha umenyooka, puli zote mbili huenda upande mmoja. Ukiupinda katikati kama namba nane, puli ya pili hurudi kinyume. Kila mwenye mashine ya kusaga anajua hilo. Anajua pia kwamba mkanda uliopindwa hujisugua wenyewe pale unapopishana, ukapata moto. Ule wa mbele aliupitisha umenyooka. Wa nyuma aliupinda.

"Utakatika," nikamwambia.

"Utakatika baadaye. Kwanza utanipa dakika zangu."

Sasa lazima niseme habari za mkwewe.

Mjane wa kijana alibaki palepale uani na watoto wake. Mke wa Fundi alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mwanamke yule ndiye aliyepika, akafua, akalima. Lakini kwao mkwe mwanamke hamtazami baba wa mumewe, wala baba hamtazami yeye. Hawasemeshani. Mimi mtu wa Iringa nilidhani ni heshima ya siku za kwanza za ndoa. La, ni ya maisha. Akitaka kutoka jikoni alipiga sufuria kwa mwiko, na Fundi, popote alipo, hata kama ameshika chuma cha moto, alivuta kofia yake ya pama mpaka puani na kukaa hivyo hadi nyayo zipite. Chakula kililetwa na watoto. Fundi akitaka kumwambia kitu alikiambia kiti, au mimi, kwa sauti ya kusikika jikoni. "Mhehe, nasikia chumvi imekuwa adimu nyumba hii." Nasi tulisikia kicheko kidogo kutoka jikoni.

Baada ya miaka kadhaa hata mimi, nikisikia sufuria, nilikuwa nageuka na kutazama ukuta.

Niliwahi kumwuliza. Fundi, mtoto huyu anakulisha, baba zenu walioweka desturi hii hawapo tena, kwa nini msikae tu kama watu?

Akanitazama kama niliyevunja kikombe chake. "Ndivyo ilivyo," akasema.

Siku ya kujaribu ilikuwa ya ukungu. Mashine ilining'inizwa kwa cheni moja nene katikati ya zile nguzo, miguu yake imeachana na ardhi kiasi cha kupitisha paka. Mkubwa wa watafiti alikuwa mjini Mbeya wiki hiyo. Fundi alikwenda mwenyewe kumwalika, akaahidiwa. Aliazima kiti kizuri, akakiweka kivulini ingawa jua halikuwapo, akakipangusa. Alivaa koti la marehemu mwanawe, mikono ikawa mifupi.

Tukasubiri. Ukungu ukapanda mlimani, ukaondoka. Kiti kikabaki kitupu.

"Huyo haji," nikasema.

"Atakuja."

"Fundi."

Akakitazama kiti. Nimeona watu waliofilisika, nimeona waliohukumiwa, lakini sura ile sijaiona tena. "Basi kaa wewe," akasema. Nikakaa.

Akapanda, nikawasha injini. Alianza na pangaboi la mbele peke yake, na mashine nzima, yeye ndani yake, ikaanza kugeuka kinyume, kama mimi siku ile juu ya ubao. Akaacha izunguke ili kiti kione. Kisha akavuta mti wa kukaza mkanda wa nyuma. Pangaboi la pili likaamka, likavuma, likashika kasi kwa upande wake. Mashine ikapunguza mwendo. Ikasita, kisha ikasimama.

Ilining'inia pale kwenye cheni yake, mapangaboi mawili yakinguruma, mkia hakuna, nayo haiendi kulia wala kushoto. Vumbi la ua zima lilikuwa linakimbia, yeye katulia katikati. Alinyoosha mikono pembeni kunionyesha hajashika kitu. Alikuwa anasema neno, sikulisikia, lakini najua lilikuwa jina la mwanawe.

Ndipo sufuria likapigwa.

Mlio ulitoka nyuma, upande wa jikoni, kwa nguvu iliyopita kelele za injini. Fundi, mikono imenyooshwa, macho yamejaa machozi, akafanya kama alivyofanya kila siku. Akavuta kofia mpaka puani. Nami nikageuka nikatazama ukuta.

Likapigwa tena. Likapigwa haraka haraka, kama la harusi. Nikawaza, leo anapita na watoto wote. Fundi, bila shaka, akazidi kuinamisha kichwa, kwa heshima. Mtu asiyeruhusu kiumbe kupita nyuma yake alikaa amefunikwa macho, na nyuma yake mkanda uliopindwa ulikuwa unatoa moshi. Mwanamke yule aliuona. Hakuwa na ruhusa ya kumwita kwa jina, wala kwa neno lolote, mimi nisingemsikia kwa kelele za injini, na mkononi alikuwa na kitu kimoja tu cha kusema nacho.

Mkanda ukakatika kwa mlio wa bunduki. Pangaboi la nyuma likafa, la mbele likaendelea, na mashine ikazunguka kama sufuria la ugali lisilo na mguu wa kulishikilia. Ilimtupa kwenye nguzo ya mlingoti. Nilipomfikia kofia ilikuwa bado imemfunika macho.

Hospitali walimlaza, wakamtazama, wakatuambia uti wa mgongo hauungwi kama bomba, wakamrudisha nyumbani. Hakuhisi kitu toka kifuani kwenda chini. Na hapa ndipo shida yenyewe ilipoanza, maana nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuguza, na mtu huyo haruhusiwi kuingia chumbani. Nilimgeuza mimi, nikamsafisha mimi. Majirani wanaume walikuja siku za mwanzo, wakachoka. Mkwewe alipika uji, akauweka mlangoni, akakaa nje ya ukuta wa chumba, mgongo kwenye udongo, akisikiliza tunavyohangaika. Vidonda vilimla mgongoni. Ukuta ule ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilimsikia akilia, na yeye alimsikia Fundi akipumua.

"Ilisimama?" Fundi aliniuliza kila asubuhi.

"Ilisimama."

"Wewe shahidi ni rafiki yangu. Ushahidi wa rafiki ni wa bei rahisi."

Asubuhi moja, sauti ikatoka nyuma ya ukuta, ikinisemesha mimi: "Kaka, mwambie niliiona. Ilisimama kabisa."

Fundi akageuzia macho ukutani. Kisha akauambia ukuta, kupitia mimi, "Mhehe, waite wazee wangu. Waulize bei ya kuuona uso wa mtu."

Wazee wa ukoo walikuja, wakakaa, wakakohoa. Wakasema mwiko ule huweza kufunguliwa. Baba hutoa ng'ombe, anachinjwa, mkwe na baba wanakula nyama ya mnyama mmoja, mambo yamekwisha. Tena ng'ombe jike, mzima, asiye na kovu. Wakatazama zizi lenye magugu, wakatazamana.

Niliwasha lori kabla hawajamaliza kutazamana. Nilishuka Usangu, mvua ikiwa imelainisha njia yote, kwa wafugaji waliohamia bondeni kutoka kaskazini. Mzee mmoja wa Kisukuma aliniona navuka matope na viatu mkononi.

"Una haraka, ndugu yangu," akasema.

"Nina haraka."

"Ng'ombe hapendi haraka." Akanitajia bei huku akitabasamu, tayari kwa mabishano, maana bei ile haikuwa ya ng'ombe, ilikuwa ya kuanzia mazungumzo. Mimi ndiye niliyewahi kumshusha Mwarabu wa Iringa bei mpaka akaomba maji. Nikalipa. Tabasamu la mzee yule likaondoka. Akaniambia, pole sana, akanifungia mnyama mwenyewe.

Nyama ilipoiva, wazee wakampa mkwe kipande, wakampa Fundi kipande kidogo kama ukucha, maana hakuweza kutafuna. Mlango ukafunguliwa. Mwanamke akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akainua macho. Kofia ya pama ilikuwa kwenye msumari ukutani. Mkono wa Fundi ulikwenda kuitafuta kichwani, ukakosa, ukashuka.

"Ndaga, tata," akasema mkwe. Asante, baba.

Fundi alimtazama kwa muda, kama anayetazama picha za kile kitabu cha Iringa.

"Nilidhani unapita," akasema.

"Nilikuwa sipiti, baba."

"Nilidhani unapita tu, mwanangu."

Akamshika mkono. Jioni ile ile akalala, kama alivyoniahidi kwamba akishajua atalala, na hatukuweza kumwamsha.

Injini siihesabu, nilimpa kwa hiari. Mkanda siuhesabu. Ng'ombe wa kuuona uso wa mtu alikuwa, kwa fedha za siku zile, shilingi elfu moja mia mbili na kumi na tano, pamoja na kamba yake.